Waliopanda Juu kwa Heshima

Ikiwa unasoma haya huku umelala chali, mguu umefungwa kamba na kamba imening'inizwa uzito, soma polepole, maana huna pa kwenda. Mimi nililala hivyo tangu mvua za masika hazijakatika mpaka watu walipoanza kutandaza majamvi ya kuanikia karafuu. Mambo ya dawa muulize daktari. Mimi nakuandikia yale ambayo hakuna aliyeniambia: kwamba mfupa utaunga, na baada ya mfupa kuunga kitabaki kitu kingine ambacho hakijaunga, na hicho utakilalia peke yako.

Jina langu Raya. Nashona nguo Vitongoji, na kwa asiyenijua, nina mdomo. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nikigombana na mkunga. Naliweka hili mwanzo ili usije ukadhani nilikuwa mgonjwa mpole.

Siku niliyoumia tulikuwa tunakwenda Chokocho kumchukua bibi harusi wa kijana wa jirani yetu. Gari ilikuwa moja, ile ile inayotupeleka mjini Chake kila siku, lori dogo lililojengewa bodi ya mbao, viti vya ubao pande zote mbili, na juu ya paa keria ya chuma ya kuwekea magunia. Mwaka ule mwenye gari alikuwa ameipandisha bodi ili makapu na mikungu ya ndizi ikae chini ya viti. Tuliisifu sana. Tulisema gari imekaa kifalme, ukiwa ndani unaona mashamba ya watu mpaka uani kwao.

Sasa nikueleze desturi yetu, kwa sababu jambo lote limo humo. Wanaume wa kwetu hawapendi kubanana na wanawake kwenye viti. Gari ikijaa wanawake na nguo zao za harusi, mwanamume mwenye adabu anashika ngazi ya nyuma, anapanda zake juu ya keria. Hakuna anayemwambia apande, anajua mwenyewe. Wa kwanza kupanda siku ile alikuwa Maalim Faki, mwalimu wa chuo, aliyewasomesha Kurani nusu ya watu waliokuwemo safarini. Alisema wanawake wakae kwa raha zao, wao watapigwa upepo. Maalim akishapanda, nani mwengine atathubutu kubaki ndani? Wakapanda wote, na mume wangu Hamad akapanda nao.

Ndani tulikaa kwa nafasi hata mikunjo ya kanga haikuharibika. Tulikuwa tunaimba. Kombo, dereva, alikuwa anakwenda taratibu, na mimi niliyekuwa nyuma yake nilimtania kuwa anaendesha kama kabeba mayai. Naomba ulikumbuke hilo. Tukafika kwenye kona inayoteremka bondeni. Gari ikainama upande mmoja, kidogo kidogo, kama mtu anayesinzia kwenye kiti. Mara nyingine huwa inainama hivyo halafu inarudi. Safari hii haikurudi.

Maalim Faki alifariki pale pale. Hamad aliruka akachubuka viwiko. Mimi ubao wa kiti ulinibana, nikavunjika paja na nyonga, na nikatolewa na watu wa kijiji cha karibu waliokuwa wakikata ubao ule kwa shoka huku wakinisomea shahada masikioni. Nilitaka kuwaambia sijafa, waache kunisomea, lakini sauti haikutoka.

Wodi ya wanawake ya hospitali ina madirisha mapana na feni moja. Kwa muda mrefu tabu yangu kubwa haikuwa maumivu. Tabu ilikuwa kitanda. Kila nikifumba macho kitanda kilikuwa kinainama upande wa kushoto, na mimi nakishika kwa mikono miwili nikingoja kirudi. Nilimwambia daktari, akasema itapita. Nilimwambia nesi, akaja akakishika kitanda upande wa kushoto, akasimama hapo mpaka nikasinzia. Alikuwa msichana mdogo ambaye ningeweza kumzaa. Ndiye aliyekuwa akinitia chombo cha haja na kunisafisha siku zangu za mwezi zilipofika, na wakati akifanya hayo alikuwa ananifunika uso kwa kanga na kuniuliza habari za mishono ya magauni, kana kwamba tuko kibarazani kwangu na mashine iko mbele yetu. Bado namuombea dua kila Ijumaa.

Kitanda cha pili alikuwapo Bi Time, mtu wa Chokocho, aliyeteleza kisimani akavunjika mguu. Alikuwa mtu wa maneno machache na mafuta mengi ya nazi. Aliponiona nywele zangu zinang'oka na kubaki kwenye mto, alivuta kiti chake mpaka kwangu na magongo yake, akanichana, akanisuka mistari myembamba, na zile nywele zilizong'oka akazifunga kwenye kitambaa ili nisizione. Hakuniambia pole hata mara moja. Nilishiba pole mimi, pole za watu zilikuwa zinanijaa tumboni kama chai isiyo na sukari.

Mwanzoni watu walijaa. Kwetu mgonjwa hakosi watu, na hata ukitaka kulia unangoja waondoke. Walikuja na uji, na machungwa, na maji ya zamzam. Halafu siku moja Hamad akaja peke yake, uso umemlegea, akasema kuwa wazee wamekwenda nyumbani. Mwenye gari, na ukoo wa Kombo, na watu wazima wa mtaa, wamekaa ukumbini kwetu, wakaomba radhi, ikasomwa fatiha, na yeye na mjomba wangu wakajibu kwa niaba ya ukoo.

"Tumeshasamehe, mke wangu," akasema. "Limekwisha."

Nikamuuliza nani hao tuliosamehe. Mimi niko hapa na jiwe mguuni, hakuna aliyekuja kuniuliza. Hamad akasema mambo haya yanaombwa nyumbani, hayaombwi wodini mbele ya wanawake wagonjwa. Nikanyamaza, na mimi si mtu wa kunyamaza, kwa hiyo akajua.

Kombo mwenyewe alikuja baadaye. Alisimama miguuni pa kitanda akalia mpaka Bi Time akageukia ukutani. Nilimwambia maneno haya, na niliyasema kwa moyo wangu wote: "Kombo, mie nshakusamehe, duniani na akhera. Sasa nambie, gari iko wapi?"

Akatazama chini. Akasema iko kwa fundi. Wananyoosha bati na kubadilisha mbao. Itarudi barabarani kabla ya msimu wa karafuu, kwa sababu watu hawana gari nyengine. Nikamuuliza bodi itakuwa na urefu gani kwenda juu. Akasema ule ule.

Tangu siku ile nikawa na jambo moja tu nililolitaka katika dunia hii, hata kabla ya kutembea. Nilitaka ile gari ikatwe bodi na iondolewe keria kabla haijabeba mtu tena. Mwanamke aliyelala chali anataka jambo kama hilo, na hana hata njia ya kujigeuza ubavu.

Kumbe nje ya wodi watu walikuwa wanabishana usiku na mchana. Redio ya nesi ilikuwa dirishani, na kipindi cha asubuhi kilikuwa kinapokea simu za wasikilizaji. Huyu anasema ni mwendo kasi, vijana wa siku hizi wakiona lami wanapagawa. Huyu anasema ni kona, kona ile ina mkosi. Mwengine anasema ni kadari ya Mwenyezi Mungu na asiyeikubali aangalie imani yake. Fundi wa bodi alipiga simu akasema yeye anajenga kama anavyoagizwa, na watu wenyewe ndio wanaotaka gari ndefu. Mwenye gari akasema gari yake imekaguliwa na imepita. Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Ilikaguliwa ikiwa tupu, imesimama uwanjani, taa zikawashwa na breki zikakanyagwa. Nilikuwa najibizana na redio mpaka mgonjwa wa mwisho wa wodi akaomba izimwe.

Basi wifi yangu Zuwena, dada yake Hamad, alipokuja na wanawake wenzake, nikawaambia nilichokiona. Nikasema Kombo hakuwa anakimbia. Nikasema gari ni ndefu, na uzito wote ulikuwa juu, kwa sababu wanaume wote walikuwa juu, na ndani tulikuwa wanawake tuliojitandaza. Ikiinama haina cha kuirudisha. Nilisema kwa upole kabisa, kwa kadiri ninavyoujua upole.

Zuwena akaweka chini bakuli la uji.

"Kwa hiyo unasema Maalim ndiye aliyetupindua?"

Sikusema hivyo. Lakini nilipofungua mdomo kukataa, nikaona kuwa hakuna namna ya kulisema jambo langu bila ya kulipitia lile. Maalim Faki alikuwa wa kwanza kupanda. Wengine walimfuata yeye. Alipanda kwa ajili ya heshima yetu sisi, akafa kwa hiyo heshima, na kijiji kizima kilikuwa kimemzika hivyo, kama mtu aliyekufa katika adabu zake. Sasa anakuja Raya mwenye mdomo na kusema uzito ulikuwa juu.

Neno lilifika Vitongoji kabla jua halijatua. Wiki ile walikuja watu wachache, wiki ya pili hakuja mtu. Bi Time akaruhusiwa, akaondoka, akaniachia chupa ya mafuta na chanuo. Kitandani kwake wakamlaza bibi mmoja asiyesikia. Mvua za mchoo, zile nyepesi za baada ya masika, zilikuwa zinanyesha na kukatika, zinanyesha na kukatika, na mimi nilikuwa nasikiliza viatu kwenye ukumbi nikijaribu kukisia vya nani, na vyote vilikuwa vinapita. Nitakwambia kweli, upweke ule ulinishinda mfupa. Mfupa unapouma unajua umekaa wapi.

Hamad alikuwa anakuja, lakini alikuja kama mtu anayepeleka mzigo. Anaweka chakula, anauliza nimelala vipi, anatazama dirishani. Siku moja nikamshika shati. Nikamwambia azungumze na mwenye gari, yeye ni mwanamume, atasikilizwa. Akautoa mkono wangu taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Nilikuwa juu, Raya," akasema. "Kila ukisema juu, wanisema mie."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Naapa. Miezi yote ile nimelala naye moyoni na sikuwahi kufikiri kuwa mwenzangu alikuwa anahesabiana na nafsi yake kwa uzito wa mwili wake mwenyewe. Nilitaka kumfariji na sikujua kwa neno gani, kwa sababu neno la kumfariji lilikuwa kwamba gari haina kosa, na hilo ndilo neno pekee nisiloweza kulisema.

Kamba ilipofunguliwa niliuona mguu wangu nikadhani ni wa mtu mwengine. Ulikuwa mwembamba, mweusi kwenye kifundo, na ulikuwa mfupi kuliko mwenzake. Nililia siku nzima kwa sababu ya ule ufupi. Wewe ukifika hapo, lia, usijizuie. Mimi mshonaji nilijua mara moja maana yake: kila gauni nitakalovaa maisha yangu yote litaning'inia upande mmoja, na nitalazimika kushona pindo mbili tafauti kwenye nguo moja.

Nilihamishiwa Tibirinzi, mjini Chake, kwa Zuwena, ili niwe karibu na chumba cha mazoezi cha hospitali. Zuwena alinitendea yote yanayotakiwa. Alinichemshia maji, alinifulia, alinipikia supu ya pweza. Ila alikuwa hazungumzi na mimi zaidi ya lazima. Kwenye sala walikuwa wanatandika misala yao chumbani mwao, na mimi nasali peke yangu juu ya kiti ukumbini, nikiinamisha kichwa pale ambapo zamani nilikuwa nagusa ardhi. Paji la uso lilikuwa linaitaka ile misala. Hicho hakuna daktari aliyeniambia kuwa nitakikosa.

Vuli ilipoanza gari ilirudi barabarani, imechelewa kuliko walivyosema, imepakwa rangi ya kijani, bodi ndefu vile vile, keria vile vile. Watu wa redio walikuwa bado wanabishana, kwa hiyo wakubwa wa usalama wa barabarani wakasema watakuja Vitongoji kusikiliza wananchi, skulini. Nilimwambia Hamad nitakwenda. Alisema fanya utakavyo. Nilikwenda na magongo, mtu mmoja wa mjini akanipakia kwenye gari yake ndogo, na nikaingia skulini peke yangu. Wanaume walikuwa mbele, wanawake nyuma, na benchi nililokalia likabaki na mimi tu.

Waliongea sana. Kadari ilitajwa, kona ikatajwa, ujana wa Kombo ukatajwa, na Kombo alikuwa kajiinamia huko pembeni. Mgeni mmoja, katika wale wakubwa, akaeleza kuwa gari imekaguliwa upya na haina kasoro. Mwenye gari akasema waliofikwa wote wameshasamehe, Mwenyezi Mungu awalipe. Watu wakaitikia amin. Mimi nikasimama, na kusimama kwangu wakati ule kulikuwa kazi ndefu, kwa hiyo wote walipata nafasi ya kugeuka.

"Mie nimesamehe watu," nikasema. "Gari sikuisamehe. Mnaikagua ikiwa tupu, na sie hatukupinduka ikiwa tupu. Ipakieni kama tunavyoipakia, wanaume wote juu, mwende nayo kwenye ile kona, kisha mrudi mtwambie haina kasoro."

Yule mgeni akaandika kitu, akasema wamelipokea, watalifanyia kazi. Nimeishi nchi hii tangu nizaliwe, najua maana ya kulifanyia kazi. Mkutano ukafungwa kwa dua. Watu wakatoka wakipitia upande wa pili wa madawati, na Hamad akatoka nao bila ya kunitazama.

Nilibaki kwenye benchi langu nikitafuta gongo lililoanguka. Mtu akaliokota. Alikuwa Bi Mwanaidi, mjane wa Maalim Faki, na alikuwa hajamaliza muda mrefu tangu atoke eda. Nilitamani sakafu inimeze. Nilianza kumwambia anisamehe, sikukusudia. Akakaa pembeni yangu, karibu, bega kwa bega.

"Angeshuka," akasema. "Maalim akiambiwa kwa wema alikuwa anashuka. Hakuna aliyemwambia."

Tukakaa hapo. Baadaye akanishika mkono akanitoa nje, tukipita mbele ya watu waliokuwa bado wamesimama uwanjani, na Hamad alikuwa miongoni mwao.

Nitakuambia kilichofuata ili usije ukangojea makubwa. Bodi haikukatwa. Nakuandikia haya na gari bado inapita mbele ya nyumba yangu, kijani, ndefu. Nilirudi nyumbani, nikaanza kushona tena, mguu mmoja nikiutumia kukanyagia mashine na mwengine nimeunyoosha juu ya kigoda. Wateja walirudi mmoja mmoja, kwanza kwa sababu sikukuu inakaribia na hakuna mwengine anayejua kukata abaya. Kitanda kiliacha kuinama, siku gani sijui, nilishtukia tu kuwa silishiki tena godoro.

Bado nilikuwa na siku moja ya kwenda hospitali kuangaliwa mara ya mwisho, na usafiri ni ule ule. Nilitaka kwenda kwa miguu, kwa ukaidi tu, lakini Hamad akasema atanipeleka. Tukasimama barabarani, mimi na magongo yangu na yeye na mfuko wa picha za eksirei. Gari ikaja. Juu ya keria wanaume walikuwa wamejaa, miguu inaning'inia. Ndani wanawake walikuwa wamekaa na makapu yao. Kombo alikuwa usukani, akaniamkia kwa sauti ndogo.

Hamad akaninyanyua akaniingiza, akanikalisha kwenye ubao karibu na mlango, akaniwekea magongo. Halafu akageuka na mkono wake ukaenda kwenye ngazi ya nyuma, kama ulivyokwenda maisha yake yote. Akaishika. Niliutazama tu ule mkono.

Akakiachia kile chuma. Akainama, akaingia ndani, akakaa pembeni yangu katikati ya wanawake, magoti yamebanwa, kofia ameivua kaishika mikononi kama bwana harusi siku ya kwanza. Mwanamke aliyekuwa upande wa pili akavuta baibui lake, akamtazama, akanitazama mimi, kisha akasogea kumpa nafasi. Juu ya paa mtu mmoja akacheka na kumwita kwa jina, akamuuliza kama amekuwa bibi harusi. Hamad akaigeuza geuza kofia yake mikononi.

Gari ikaondoka. Kulikuwa na joto, bega lake lilikuwa limenibana, na nyonga yangu ilikuwa inauma kwa ule mbano, na sikumwambia asogee. Wengine wote walibaki juu. Alishuka mmoja, kabla hajapanda.